Kipande cha Zambarau: Historia ya Kile Kipimo cha "Una UTI"

Huku Mkolani tupo, tunasukuma siku. Nilipotea kidogo, mnajua tena mambo ya testi na assaimenti zinavyokuja kwa mpigo. Leo naomba tuache habari za bumu na za kugombania daladala asubuhi, tuongee historia. Ndiyo, historia! Ila siyo ile ya mkutano wa Berlin wala ya Mirambo ambayo mmeshaikariri tangu sekondari. Ni historia ya kitu ambacho karibu kila mwanachuo ameshakilipia hela yake: kile kipimo cha mkojo ambacho ukimaliza tu unaambiwa "una UTI".

Lugha hiyo tunaijua wote. Kichwa kinauma, mwili umechoka, mgongo unavuta, unaingia zahanati ya jirani. Shikamoo daktari, marahaba, toa mkojo, toa damu, kaa hapo nje. Baada ya nusu saa unaitwa: "Una UTI, na taifodi kidogo." Mpaka leo sijawahi kusikia mtu akiambiwa ana taifodi nyingi! Basi unafungiwa sipro za siku kadhaa, unarudi geto.

Kuna dada mmoja tunapanga nyumba moja, amemaliza dozi nne tangu semista ianze. Kila akipima, karatasi inaandikwa lukositi, jumlisha mbili. Juzi akaniuliza, "Hivi kaka, hiyo lukositi ndo mdudu gani asiyesikia dawa?" Kwa kweli swali lake lilinikaa kichwani kuliko maswali mengi ya semina. Jibu fupi ni kwamba lukositi siyo mdudu kabisa. Jibu refu lina miaka zaidi ya mia moja na arobaini, na kipande chake kimoja muhimu kimeandikwa hapa hapa Mwanza.

ASKARI WENYE MFUKO

Lukositi ni chembe nyeupe za damu, wale ambao mwalimu wa baiolojia alituambia ni askari wa mwili. Mwaka 1882 mtaalamu mmoja wa wanyama kutoka Urusi, Elie Metchnikoff, alikuwa Messina kule Italia, kando ya bahari. Akachukua kiluwiluwi cha kiti cha pwani, ambacho mwili wake unaonekana mpaka ndani, akakichoma miiba midogo. Kesho yake akakuta chembe zinazotembea zimejazana kuuzunguka ule mwiba. Hapo ndipo alipopata wazo kwamba mwili una chembe zinazokwenda mahali palipovamiwa na kumla mvamizi.

Karibu na miaka hiyo hiyo, Ujerumani, Paul Ehrlich alikuwa anachezea rangi za viwanda vya nguo. Anapaka damu kwenye kioo, anaimwagia rangi, anaangalia kwa hadubini. Akaona chembe nyeupe hazifanani: zina punje ndogo ndogo ndani, na kila aina inashika rangi yake. Zile ambazo punje zake hazikuelemea upande wa asidi wala wa besi akaziita neutrofili. Ndiyo askari wa mstari wa mbele dhidi ya bakteria. Wazee hawa wawili waligawana tuzo ya Nobel mwaka 1908.

Sasa zile punje ndo mfuko wa silaha. Ndani yake kuna vimeng'enya, yaani vitu vya mwili vinavyoharakisha kazi ya kukata na kuunga kemikali. Kimojawapo kinaitwa esterasi, kazi yake ni kukata kemikali za kundi la esta. Hicho ndicho kinachotafutwa kwenye mkojo wako. Mkojo wa mtu mzima wa afya una chembe nyeupe chache sana. Zikiwa nyingi, maana yake askari wameitwa mahali fulani kwenye njia hiyo. Kumbuka hilo neno "mahali fulani", tutalihitaji.

KUTOKA KWENYE POMBE MPAKA KWENYE KIJITI

Rangi ya zambarau inayotokea kwenye kijiti nayo ina babu yake. Mwaka 1858 mkemia Mjerumani, Johann Peter Griess, aligundua kundi la kemikali zinazoitwa diazo, ambazo zikikutana na kemikali fulani zinatoa rangi kali. Baadaye huyu bwana aliajiriwa kiwanda cha bia, Burton upon Trent, Uingereza, na akaendelea na kemia yake humo humo. Hata kile kipande kingine cha kijiti kinachopima naitraiti kinatumia mbinu yake.

Kwa miaka mingi kupima mkojo ilikuwa kazi ya jiko. Mnakumbuka praktiko ya baiolojia, dawa ya Benedict ya bluu, unachanganya, unachemsha, unasubiri ibadilike kuwa rangi ya matofali? Hospitali nazo zilipima sukari ya mkojo kwa mtindo huo. Mwaka 1956 kampuni ya Ames ya Elkhart, Indiana, Marekani, ikatoa kijiti cha Clinistix. Waliokitengeneza ni mtu na mkewe, Alfred na Helen Free (mama huyu alifariki 2021). Walichofanya ni kukausha vimeng'enya kwenye karatasi. Unachovya, sukari ikiwepo rangi inabadilika. Hakuna moto wala chupa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikaongezwa kipande cha lukositi, na hapo akili iligeuzwa kinyume. Kwenye kipimo cha sukari, kimeng'enya kiko kwenye karatasi na chakula chake kiko kwenye mkojo. Kwenye kipimo cha lukositi, chakula (ile esta) kiko kwenye karatasi, na kimeng'enya kinatoka kwako mgonjwa. Esterasi ya askari wako inaikata esta, kinachobaki kinaungana na chumvi ya diazo ya mzee Griess, kipande kinageuka zambarau. Dakika moja mpaka mbili, basi. Akikisoma baada ya sekunde kumi ameharakisha, akikiacha mezani aende kunywa chai arudi, amechelewa.

Faida yake kubwa ni hii. Chembe nyeupe zikikaa kwenye mkojo muda mrefu, hasa kwenye joto kama letu, zinapasuka. Anayeangalia kwa hadubini hatazihesabu. Lakini askari akifa mfuko wake unabaki, na kijiti kinauona. Kwa zahanati isiyo na umeme wala hadubini, hiyo ilikuwa neema kweli kweli.

MWANZA, 1991

Sasa tuje nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukimwi ulikuwa unamaliza watu kanda ya ziwa, na hakukuwa na dawa za kufubaza virusi. Mwaka 1991 likaanza jaribio ambalo wasomi wa afya duniani wanalijua kwa jina la mkoa wetu. Walikuwemo AMREF, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Wizara ya Afya na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine. Walichagua jamii 12 za mkoa wa Mwanza na kuzipanga jozi sita, kuna za kando ya ziwa, za kando ya barabara na za visiwani. Katika kila jozi jamii moja iliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vyake vya kawaida: wahudumu wakafundishwa, dawa zikapelekwa kwa uhakika. Nyingine ikasubiri.

Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1995. Kwa miaka miwili, kwenye jamii zilizoboreshewa, waliopata maambukizi mapya ya VVU walikuwa asilimia 1.2, kwenye zilizosubiri walikuwa asilimia 1.9. Upungufu wa karibu asilimia 40! Majaribio yaliyofuata ng'ambo ya ziwa, Rakai na Masaka kule Uganda, yalitumia mbinu na mazingira tofauti na hayakuona upungufu huo, kwa hiyo mjadala ulikuwa mrefu. Ila mimi nataka mwangalie kona moja tu ya jaribio la Mwanza, kona ya kijiti.

Kabla ya matibabu kuanza, watafiti walitaka kujua ni wanaume wangapi vijijini wana kisonono au klamidia. Huwezi kumchukulia kila mwanaume sampuli kwa pamba kwenye njia ya mkojo, nadhani wanaume wenzangu mnaelewa kwa nini. Basi waliomba mkojo wa mwanzo, ule unaotoka kwanza, maana ndio unaosafisha mrija. Wakachovya kijiti cha lukositi. Aliyekuwa na dalili, au ambaye kijiti kiligeuka, ndiye aliyeendelea kwenye vipimo vya maabara.

Walipima wanaume 5,876. Ripoti ilitoka kwenye British Medical Journal mwaka 1996. Kisonono kilikutwa kwa wanaume 128, klamidia kwa 39, wengine wana vyote viwili, jumla watu 158. Sasa sikiliza: katika hao 158, waliosema kwamba wakati huo wanatokwa na uchafu walikuwa 24 tu. Asilimia 15! Waliobaki hawakuwa na lalamiko hilo, wanavua samaki, wanalima pamba, wanaenda mnadani, wanarudi kwa wake zao. Bila kile kipande cha zambarau, wengi wao wasingeonekana kabisa, maana kituo cha afya kinamtibu aliyekuja kulalamika.

Ila angalia walivyokitumia. Kijiti hakikutoa hukumu. Kilikuwa chekecheo. Kilisema "hapa kuna askari", halafu maabara ikaenda kutafuta adui ni nani. Wengi ambao kijiti kiligeuka hawakukutwa na kisonono wala klamidia, na hilo halikumshangaza mtu, kwa sababu kazi ya chekecheo ni kupunguza mzigo.

BUGANDO, 2007

Tupande sasa kile kilima ambacho ukishuka mjini unakiona juu yako. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa 1971, ikawa tegemeo la kanda nzima, na mwaka 2003 pakaanzishwa chuo cha madaktari pale pale. Kati ya Mei na Julai 2007 watafiti wa pale walipima mkojo wa akina mama wajawazito 247. Wenye dalili walikuwa 78, wasio na dalili 169. Kila mkojo ulioteshwa maabara kuona kama bakteria wanamea, na pia ukapimwa kwa kijiti. Matokeo yalichapishwa 2009.

Bakteria walikutwa kwa asilimia 17.9 ya wenye dalili na asilimia 13.0 ya wasio na dalili. Yaani tofauti ndogo! Na kijiti je? Katika waliokuwa na bakteria kweli, kijiti kiliwakamata asilimia 38.9. Katika wasiokuwa nao, kilisema ukweli kwa asilimia 86.7.

Asilimia zinachosha, nimekaa na kalkuleta nikazigeuza kuwa watu. Wenye bakteria walikuwa 36. Kijiti kiliwaona 14, kikawaacha 22 waende nyumbani wakijua wako salama. Wasio na bakteria walikuwa 211, na kati yao 28 kijiti kiliwasingizia. Kwa hiyo walioambiwa "ndiyo" ni 14 jumlisha 28, sawa na 42, na wenye ugonjwa kweli ni 14. Mtu mmoja kati ya watatu!

Hapa hatuongelei mchezo. Mjamzito mwenye bakteria kwenye mkojo asipotibiwa, wanaweza kupanda kwenye figo, na mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2016 wa huduma za wajawazito linasema njia bora ni kuotesha mkojo, na pasipo na uwezo huo, upakaji wa rangi wa Gram unatangulia kuliko kijiti.

Kwenye utafiti huo huo wa Bugando, bakteria aliyeongoza ni E. coli, asilimia 47.2. Katika hao E. coli, asilimia 53 hawakusikia ampisilini na asilimia 64.7 hawakusikia dawa ya kundi la Septrin. Hiyo ni 2007! Na bakteria wa pili, Enterococcus, asilimia 22.2, ni wa aina ambayo haitengenezi naitraiti, kwa hiyo kile kipande cha pili cha kijiti hakimuoni.

KWA NINI KINAGEUKA BILA UTI

Rudi kwenye lile neno nililowaambia mlishike: mahali fulani. Kijiti kinaona esterasi, hakioni anwani wala jina la adui. Kwa akina dada, chembe nyeupe za ukeni zinaweza kuingia kwenye kichupa, ndiyo maana unaambiwa ujisafishe na uchukue mkojo wa katikati (tofauti na wale wanaume wa 1991 waliotoa wa mwanzo). Trikomonasi, kisonono na klamidia navyo vinaita askari, na dawa zake siyo lazima ziwe zile ulizofungiwa.

Halafu kuna kichocho. Ufukweni kwetu huku kinatawala kile cha utumbo. Lakini ukienda bara, Misungwi, Kwimba mpaka Maswa, kwenye malambo na vidimbwi vya mvua, kuna kile cha kibofu. Mayai yake yanakwama kwenye ukuta wa kibofu, yanaleta damu kwenye mkojo na kuita chembe nyeupe. Wangapi hapa chuoni walikua wakiogelea lambo la kijijini? Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na jumlisha mbili za lukositi, akameza sipro mwaka mzima, wakati dawa yake ni prazikwanteli.

Na upande wa pili, kijiti kinaweza kunyamaza wakati ugonjwa upo. Sukari nyingi kwenye mkojo, vitamini C kwa wingi, na baadhi ya antibiotiki ulizoanza kumeza kabla ya kupima vinaweza kuizima ile rangi.

Na tusisahau kwamba siyo kila homa ni UTI na taifodi. Mwaka 2008 watafiti walichunguza watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, kwa vipimo vya kina. UTI ilikuwa asilimia 5.9 na taifodi 3.7. Wengi walikuwa na virusi, hasa vya njia ya hewa. Hao ni watoto, siyo sisi wa hosteli na mageto, lakini inatosha kukufanya ujiulize.

BASI TUFANYEJE?

Mtu asije akasema nimekataza watu kupima. Hapana! Kile kipande ni kazi nzuri sana ya vichwa vya watu, na hapa Mwanza kiliwahi kuonyesha ugonjwa ambao wenyewe wenye nao hawakuulalamikia. Shida inaanza pale chekecheo linapogeuzwa kuwa hakimu. Wale wa 1991 walipoona zambarau walianza kuchunguza. Sisi tukiona zambarau tunamaliza kuchunguza, tunaanza kumeza.

Kwa hiyo ukikabidhiwa karatasi yenye jumlisha, uliza kwa heshima, maswali hayana ada: Daktari, naitraiti imesemaje? Hizo lukositi zinaweza kuwa zimetoka wapi kwangu? Kuna damu? Kama hii ni mara ya pili au ya tatu, naweza kuoteshewa mkojo kabla ya dozi nyingine, ijulikane ni bakteria gani na anasikia dawa gani? Na kama umekulia kwenye malambo, sema mwenyewe, maana daktari hawezi kuotea. Kama una mpenzi na kuna dalili huko chini, sema pia, na mwende wawili. Ukiwa na homa kali, maumivu ya ubavuni na kutapika, au ukiwa mjamzito, usikae geto kusoma makala yangu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuotesha kunachukua siku mbili tatu na gharama yake iko juu kidogo kuliko kijiti. Lakini piga hesabu ya dozi nne za semista moja, halafu uniambie kipi ni ghali. Tena hiyo ni hesabu ya hela tu, bado ile ya bakteria wanaozoea dawa ndani ya nyumba yenye vyumba kumi na choo kimoja.

Nimeishia hapo wadau, kesho nina kipindi saa moja asubuhi Malimbe na bado sijagusa ile riding ya Rodney. Wiki ijayo nikipata nafasi nitawaletea historia ya pamba na majineri ya kanda ya ziwa, niliahidi siku nyingi. Kunyweni maji, lakini yachemsheni kwanza.

Tupo pamoja.